Kabla ya Chalbi, peleka gari kwenye mizani

Kutoka Marsabit, kaskazini mwa Kenya, hadi Loiyangalani kando ya Ziwa Turkana, kwa kukatiza jangwa la Chalbi kupitia Maikona, Kalacha na North Horr, ni karibu kilomita 300. Kwenye ramani utadhani ni safari ya kutwa. Lami imekufikisha Marsabit kutoka Nairobi, zaidi ya kilomita 500, bila gari kulalamika, na hapo ndipo wengi wetu tunapodanganyika. Ukishateremka mlima wa Marsabit kuelekea magharibi, lami imekwisha, na kila kilo uliyopakia inaanza kukulipisha: kwenye springi, kwenye matairi, kwenye breki na kwenye dizeli.

Mimi nilijifunza hilo juu ya paa. Safari yangu ya kwanza keria ilibeba madumu mawili ya dizeli, tairi la akiba, hema la kulalia na sanduku la vyombo. Hatujafika Maikona, barabara ikiwa na makunyanzi kama bati, miguu miwili ya keria ikakatika na mzigo wote ukalala upande mmoja. Dereva wa lori la mbuzi alisimama, akatusaidia kuushusha na kuufunga upya nyuma kwa kamba ya katani. Kabla hajaondoka akaniambia, "Punguza, mwanangu. Hii si gari tena, ni nyumba." Mzee yule hakutaka hata shilingi. Maneno yake ndiyo ninayoyatumia hadi leo kila ninapopakia, na ndiyo sababu hesabu ya kwanza ninayomwomba msafiri aifanye ni ya uzito, kabla hajanunua kifaa chochote.

Pikapu ya kabini mbili, iwe Hilux au Land Cruiser, kwa karatasi hubeba kilo 800 hadi 1,000 hivi, kutegemea toleo. Inaonekana ni nyingi. Sasa hesabu. Watu wazima wanne ni kilo 300. Bampa ya chuma yenye winchi, kilo 90. Kibanda cha nyuma pamoja na droo zake, 150. Tairi la pili la akiba na rimu yake, 35. Maji lita 100 ni kilo 100 kamili. Dizeli ya ziada lita 60 ni kama kilo 50, kwa kuwa dizeli ni nyepesi kuliko maji. Hema la juu, 60. Umefika 785, na bado hujapakia chakula, mtungi wa gesi, friji, spana wala begi la nguo. Ndiyo maana nasema peleka gari likiwa limejaa, watu wakiwa ndani, kwenye mizani ya ghala la nafaka au machimbo ya kokoto, ulipe ada ndogo, uone namba kwa macho yako. Soma pia kwenye kitabu cha gari kikomo cha mzigo wa paa. Namba hiyo ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, na imeandikwa kwa ajili ya lami.

Kinachokatwa kisiwe maji. Jua la Chalbi ni kali, na upepo unakausha jasho kabla hujaliona, kwa hiyo mtu hupungukiwa maji mwilini bila kujihisi ametoka jasho. Mimi hupanga lita 5 za kunywa kwa kila mtu kwa siku, na 3 za kupikia na kunawa, kisha naongeza akiba ya siku mbili za kukwama. Yagawe kwenye madumu ya lita 20 badala ya tangi moja kubwa. Tangi likipasuka umepoteza yote, dumu likipasuka umepoteza moja. Usihesabu Ziwa Turkana kama akiba yako. Maji yake yana magadi na floridi nyingi, na mamba wa pale hawana mzaha. Visima na chemchemi za Kalacha au Loiyangalani zina wenyewe, yaani watu na mifugo yao. Uliza kwanza, subiri zamu yako nyuma ya ngamia, teka kwa kiasi, na usioge wala kufua karibu na kisima. Maji utakayoyapata njiani yatie dawa au yachemshe, hata kama yanaonekana safi.

Matairi yanastahili muda kuliko kitu kingine chochote kwenye gari, kwa sababu njia hii ina ardhi mbili zinazotaka mambo tofauti. Kwenye mchanga unataka tairi laini lenye nyayo pana. Ukianza na upepo wa pauni 36 wa kwenye lami, shusha hadi 20 hivi, na ukizama kabisa unaweza kufika 15, mradi uende polepole na usikate kona kwa nguvu, tairi lisije likachomoka kwenye rimu. Kwenye mawe ya volkano kuelekea ziwani, chini ya Mlima Kulal, mambo yanageuka. Mawe yale meusi yana makali, na tairi lililolegea hutoa ubavu wake nje, mahali ambapo mpira ni mwembamba na hapazibiki. Kwenye mawe rudisha upepo hadi pauni 26 au 28, punguza mwendo, na umwache mtu mmoja atembee mbele akichagua njia. Ni kazi ya kuchosha, kutoa na kujaza, kutoa na kujaza. Lakini anayeikwepa huishia kubadilisha matairi juani.

Kwa kazi hiyo unahitaji kipimo cha upepo cha kuaminika na pampu ya umeme inayofungwa moja kwa moja kwenye betri, si ile ndogo ya tundu la sigara. Beba matairi mawili ya akiba yenye saizi moja na yale uliyovaa. Beba nyuzi za kuzibia pancha, valvu za ziada, na tyubu moja hata kama matairi yako hayatumii tyubu: ubavu ukichanika, kipande cha mpira kutoka tairi kuukuu kikiwekwa ndani, na tyubu juu yake, kinaweza kukufikisha mjini kwa mwendo wa pole. Kisha fanya zoezi nyumbani. Fungua nati zote kwa spana utakayokwenda nayo, kwa mikono yako, kwa sababu nati zilizokazwa kwa mashine ya karakana zimewashinda watu wenye nguvu katikati ya jangwa.

Chalbi yenyewe ni kitako cha ziwa la kale. Juu kuna ganda la chumvi, jeupe na gumu machoni. Chini yake, mvua ikiwa imenyesha, kuna tope linaloshika ekseli. Mazigazi ya mchana hukuonyesha maji pasipo maji na kukuficha tope palipo tope, kwa hiyo usilifuate jicho peke yake. Fuata alama za magari yaliyopita karibuni, na usikate njia ya mkato kwa sababu tu uwanja ni mpana. Mvua za masika, Machi hadi Mei, na za vuli, Oktoba hadi Desemba, si za kwenda huko. Januari na Februari, au Juni hadi Septemba, ndiyo miezi yangu. Ikinyesha ukiwa ndani, kaa hapo hapo siku moja au mbili hadi pakauke. Akiba yako ya maji ni kwa ajili ya siku hizo. Barabara ya Laisamis hadi Sarima, iliyotengenezwa ili mitambo ya umeme wa upepo ipite, ndiyo njia yangu ya kurudi Chalbi inapokuwa mbaya.

Kuhusu kujinasua, vifaa vichache unavyovijua vinakufaa kuliko sanduku la vifaa usivyovijua. Koleo la mpini mrefu. Mbao mbili za kuwekea chini ya matairi. Jeki ya chupa na kipande cha ubao mnene cha kuiwekea chini, la sivyo jeki itazama mchangani nawe ukitazama. Kamba nene yenye mvutiko, na viungo vya chuma vya kuifungia. Jeki ndefu ya mkono ina faida zake, ila mpini wake ukiponyoka umevunja taya za wengi, kwa hiyo asiishike mtu asiyefundishwa. Na hili nalisema kwa uzito wote: usifunge kamba ya kuvutia kwenye kirungu cha trela. Kirungu kikikatika kinaruka kama risasi na kimeua watu. Funga kwenye ndoano zilizoungwa kwenye chasisi, weka blanketi zito katikati ya kamba, na waondoe wote walio karibu. Mara nyingi, hata hivyo, hutafika huko kama utakubali mapema kwamba umezama. Ondoa mguu kwenye mafuta, toa upepo, chimba mbele ya magurudumu yote manne, kisha toka polepole kwa gia nzito.

Njia hii nenda na gari la pili. Gari moja peke yake likivunjika springi, ushauri wangu wote hapa unapungua thamani.

Mafuta, basi. Jaza Marsabit hadi juu. Huko mbele dizeli huuzwa kwenye mapipa na madumu, na mara nyingine huwa na maji au uchafu, kwa hiyo mimina kupitia faneli yenye chujio na ubebe filta mbili za dizeli. Kwenye mchanga na gia nzito hesabu kwamba gari litakunywa nusu zaidi ya kawaida. Vumbi la Chalbi ni laini kama unga; filta ya hewa ifunguliwe kila jioni, ipulizwe kutoka ndani kwenda nje. Ongeza mkanda wa feni, mpira wa rejeta, mafuta ya breki, fyuzi, waya, na bolti ya kati ya springi. Fundi wako akuonyeshe kila kimoja kinakaa wapi kabla hujaondoka.

Sasa malazi, na hapa nina msimamo. Hema la juu ya gari ni zuri mbugani, lakini Loiyangalani linaweza kuwa mzigo mtupu. Upepo wa Turkana hupita kwenye uwazi kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya, na unavuma kwa nguvu na kwa uthabiti kiasi kwamba Sarima, kusini mwa mji huo, pamewekwa mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310. Usiku upepo huo unateremka kutoka Kulal kwa vishindo. Hema la juu hugeuka tanga, gari linatikisika usiku kucha, na turubai linachanika. Mimi hulala nyuma ya pikapu penyewe, kwenye godoro juu ya droo, au kwenye hema fupi la chini lililokingwa na gari, kamba zake zimefungwa kwenye mawe makubwa, kwa kuwa vigingi havishiki kwenye changarawe ile. Fika kambini saa kumi jioni ili uchague mahali ungali unaona. Usilale ndani ya laga, yaani mkondo wa mto mkavu, hata kama mchanga wake ni mkavu na mti wake una kivuli kizuri. Mvua inaweza kunyesha mlimani mbali nawe na maji yakakufikia chini ya nyota. Ufukweni napo kaa mbali na maji. Viatu vikung'utwe asubuhi, kwa sababu ya nge.

Pika kwa gesi. Miti ya kule inakua kwa shida, na kivuli cha mgunga mmoja ni baraza la wazee na zizi la mbuzi kwa pamoja.

Kabla ya kulala karibu na manyatta yoyote, nenda kwa mzee au chifu, salimia, eleza mmetoka wapi na mnakwenda wapi, uombe ruhusa. Ndiyo adabu, na ndiyo usalama wako pia, kwa kuwa habari za wizi wa mifugo na njia iliyochafuka huwafikia wao kwanza. Ninapopitia Maralal na Baragoi, njia nyingine ya ziwani kutoka kusini, huuliza kituo cha polisi na madereva wa malori asubuhi ile ile ya safari. Habari za juzi hazinitoshi. Wakisema ngoja, ninangoja.

Sanduku la dawa liwe na chumvichumvi za kurudisha maji mwilini, kipimo na dawa ya malaria mliyoshauriwa na daktari, bandeji pana za kutosha, na dawa za kila mtu za siku zote na ziada. Akiumwa mtu na nyoka, usichanje, usinyonye, usikaze kamba. Mlaze, funga kiungo kisitikisike, na anza kuelekea hospitali ya Marsabit. Ulizia pia uanachama wa huduma ya ndege kama AMREF Flying Doctors, iliyoanza 1957, na uandike namba yao kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wa gari, si kwenye simu tu.

Simu itapotea kati ya mji na mji. Kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti kina thamani kuliko taa zote za paa. Ramani za kutumia bila mtandao zipakue nyumbani, na uwe na ya karatasi. Halafu, ukiwa bado Marsabit na minara ipo, mpigie mtu mmoja unayemwamini. Msomee njia, vituo vya kulala, namba za magari yote mawili na majina ya waliomo. Mwambie siku na saa ambayo asipokusikia aanze kutafuta, na ampigie nani kwanza. Mwache aandike, kisha akusomee alichoandika.