Namna ya kuisoma komuni ndogo ya Ufaransa kabla hujaandika idadi ya watu wake

Karibu kila makala ya komuni za Ufaransa (eneo dogo kabisa la utawala, lenye meya wake) ninayoletewa niipitie huanza hivi: komuni fulani ina wakazi kadhaa, basi. Kiswahili changu ni cha Bukavu, lakini naishi Valence, makao makuu ya departementi (eneo la utawala kama mkoa, lenye komuni nyingi) ya Drôme. Vijiji vya milimani huku navipenda, na huniuma kuona kijiji kimeandikiwa mstari mmoja, tena wenye kosa. Mimi hufanya hivi.

Anza na msimbo wa INSEE, taasisi ya takwimu ya taifa. Kwa kawaida una tarakimu 5, na 2 za mwanzo ni za departementi: 26 ni Drôme, 55 ni Meuse. Majina ya komuni hujirudia. Zinazoitwa Sainte-Colombe ziko kadhaa. Msimbo wa posta usiutegemee, maana komuni jirani mara nyingi hutumia mmoja.

Kisha fungua ramani ya IGN, taasisi ya ramani ya taifa, ya kipimo cha 1:25,000. Tafuta ofisi ya meya, halafu fuata mpaka: unapita juu ya vilele au kando ya kijito? Komuni ni eneo zima, pamoja na misitu, malisho na vitongoji vilivyotawanyika. Kimo kiandike cha chini kabisa na cha juu kabisa. Wastani mlimani haumsaidii msomaji.

Sasa watu, na hapa usiharakishe. Tangu 2004, komuni yenye wakazi chini ya 10,000 huhesabiwa mara moja kila miaka 5, kwa zamu. Takwimu iliyoanza kutumika Januari 2024 inaeleza hali ya 2021. Andika mwaka huo wa 2021, si mwaka ulioisoma. Halafu angalia umeshika idadi ipi. *Population municipale* ni wakazi wa kawaida. *Population totale* huongeza watu kama mwanafunzi anayeishi mjini kwa masomo huku kwao kukiwa kijijini. Huyo huhesabiwa pande zote mbili. Kwa hiyo ukilinganisha au kujumlisha komuni, tumia ile ya kwanza tu.

Chukua Rochefourchat, hapa hapa Drôme: zaidi ya kilomita za mraba 12, na kwa miaka mingi idadi rasmi imekuwa mkazi 1. Msongamano ni kama 0.08 kwa kilomita ya mraba. Asilimia zitupe kabisa: akihamia mtu mmoja, utaandika ongezeko la 100%, na hutakuwa umemweleza msomaji lolote. Afadhali umweleze kwamba kuna nyumba za watu wanaokuja likizo, na kwamba sheria inamruhusu mtu aliyelipa kodi za komuni kwa miaka 2 mfululizo aandikishwe kupiga kura hapo hata kama haishi hapo. Ndiyo maana wapiga kura wanaweza kuwazidi wakazi.

Ukikuta sifuri, usidhani takwimu imekosekana. Karibu na Verdun, departementi ya Meuse, kuna komuni 6 zenye wakazi 0. Fleury-devant-Douaumont, yenye msimbo 55189, ilikuwa na watu 422 mwaka 1913. Mapigano ya 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, yaliifuta, na ardhi ilijaa makombora kiasi kwamba serikali ikapanda msitu badala ya kuruhusu watu warudi kulima. Dola iliamua komuni hizo zisifutwe, kwa heshima ya waliokufa. Hazina uchaguzi, mkuu wa departementi huteua kamati ya watu 3, na mwenyekiti wake hufanya kazi za meya.

Kwa hiyo sifuri ya Fleury iandike pamoja na 422, na mwaka wa kila moja. Kwa komuni nyingine, tafuta hesabu za zamani, ambazo mara nyingi zinarudi hadi 1793, na uchague mbili au tatu: kilele, ambacho vijijini mara nyingi kiko karne ya 19, kiwango cha chini kabisa, na ya sasa. Kama komuni imewahi kuunganishwa na jirani, hakikisha kwanza hesabu hizo zote ni za eneo lile lile.