Kuiga Porsche Speedster: anza chini, rangi baadae

Wengi wakitaka kuiga 356 Speedster, ile Porsche ndogo ya wazi ya zamani, wanakimbilia rangi na nembo, alafu gari ikiisha unaiangalia tu unajua kuna kitu hakijakaa, na mara nyingi ni vipimo vya chini. Speedster ilitoka 1954, toka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma ni mm 2100. Bodi nyingi za faiba zinakalishwa kwenye sakafu ya Volkswagen Beetle ambayo ni mm 2400, kwahiyo kuna mm 300 lazima zitoke. Zipo bodi zilizorefushwa ili usikate chochote, rahisi kweli, ila gari inakua ndefu kiunoni, mi hapana.

Sasa kabla ya kukata. Ule mgongo wa katikati ya sakafu sio bomba tupu, ndani kuna fimbo ya gia, kebo za klachi, pedali ya mafuta na breki ya mkono, na paipu ya petroli inapita humohumo!! Kwahiyo tanki toa, paipu toa, kila kitu toa nje ndo ushike grainda. Chomelea vyuma vya muda huku na huku ili sakafu isijipinde, kata, sogeza, alafu pima kona kwa kona kama herufi X. Pande zote mbili zisome sawa, zikipishana rudia. Usiwelde moja kwa moja, shika kwa vidoti upande huu, hamia ule, chuma kikipata moto kinavuta. Fimbo ya gia na kebo nazo utazifupisha, na paipu za breki weka mpya, hapo usibane hela.

Bodi ikifika iweke juu bila kubana, funga milango, angalia nafasi zake, ndo utoboe. Injini haina shida, Beetle nayo ni silinda nne za kulala, inapozwa na hewa, iko nyuma, hata mlio unafanana. Namba ya chesisi acha ya Beetle na ujisajili hivyohivyo, kugonga namba ya Porsche ni jinai sio urembo.

Tairi sasa, hapa ndo wengi wanaharibu. Rimu ya chuma inchi 15, tairi nyembamba. Ukiweka pana zile za kisasa zinajaza matao yote, hata mtoto atajua sio yenyewe.