Kumpiga picha paka mweusi akatoka paka, si kivuli

Paka wangu anaitwa Kaniki, na jina limesema yote: mweusi tii, kutoka puani hadi ncha ya mkia. Mwaka wa kwanza nilimpiga picha zaidi ya 200, na karibu zote zilikuwa doa jeusi lenye macho mawili yanayowaka kijani. Nikailaumu simu. Kumbe mkosaji ni flashi, na mimi niliyeiwasha.

Izime kabisa. Nyuma ya jicho la paka, na la mbwa pia, kuna utando unaorudisha mwanga, ndio unaomsaidia kuona gizani. Ukimmulika usoni, mwanga huo hurudi kwenye lenzi. Isitoshe, akishamulikwa mara mbili, ya tatu humpati. Tafuta dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, akae dirisha likiwa ubavuni mwake, siyo mgongoni. Mwanga wa ubavuni huyachambua manyoya, ukaona shavu liko wapi na shingo inaanzia wapi, na jichoni huacha nukta nyeupe. Bila nukta hiyo mnyama hufanana na sanamu.

Halafu kuna hili la rangi, lililonisumbua kuliko yote. Kamera haijui kuwa mbele yake kuna paka mweusi. Hupima mwanga ikidhani kila inachokiona, kwa wastani, ni kijivu. Kaniki akiijaza picha, yenyewe hudhani pana giza, huongeza mwangaza, na mweusi wangu anatoka rangi ya majivu. Akilala juu ya shuka jeupe, inapunguza mwangaza kwa sababu ya shuka, naye anazama. Kwenye simu nyingi dawa ni moja: gusa jicho lake kwenye kioo, shikilia hadi fokasi, yaani pale kamera inapolenga ili patoke wazi, ijifunge, kisha telezesha kidole chini kupunguza mwangaza au juu kuuongeza. Wenye mbwa weupe, kwenu ni kinyume: akiijaza picha ataonekana mchafu, basi ongeza kidogo. Kidogo tu! Manyoya yakishaungua kwa weupe, hakuna uhariri utakaoyarudisha.

Sasa lala kifudifudi. Ndiyo, sakafuni. Ukimpiga umesimama utapata kichwa kikubwa juu ya vijiguu. Lenzi ikiwa usawa wa macho yake, anakuwa mtu. Usimbane, maana lenzi pana ya simu ikiwa karibu huivimbisha pua. Rudi nyuma hatua mbili utumie lenzi ya 2x, ile inayokuza mara mbili. Ile hali ya kutia ukungu nyuma ya mhusika mimi siitaki kwa paka, hukata sharubu na ncha za masikio.

Kumfanya atazame ni suala la ubahili. Watu hupiga mluzi, huita jina na kutikisa funguo kwa mkupuo, mnyama akachoka kabla ya picha ya kwanza. Sauti ngeni hufanya kazi mara moja au mbili, kwa hiyo itunze. Mimi nina kipande cha nailoni mfukoni. Nakifikicha mara moja, kidole kikiwa tayari kwenye kitufe. Masikio yanasimama, nami napiga mfululizo. Baada ya hapo keshajua ni mimi na upuuzi wangu.

Kwa mbwa anayekimbia, toka nje kwenye mwanga wa kutosha na uweke kasi ya shata, yaani muda ambao kamera huruhusu mwanga kuingia, iwe sekunde 1/1000. Aliyetulia, 1/250 inamtosha. Usimkimbize. Piga goti, mtu mwingine amshike kisha amwachie aje kwako.

Na ufute lenzi, kila mara. Kaniki akiniona nimelala chini huja kunusa simu, akaacha unyevu wa pua yake palepale. Picha yake ninayoipenda kuliko zote ina ukungu upande wa kushoto. Sijawahi kuipata tena bila ukungu huo.