Piga Fremu Nzima: Kutia Negativu za Zamani Kwenye Kompyuta

Ukimpelekea mwenye skana picha iliyokwisha kusafishwa zamani, atakurudishia kasoro zake zote: imefifia, ina madoa ya gundi ya albamu, na imekatwa pale alipopenda fundi wa studio. Negativu, ile filamu ambayo picha ilisafishwa kutoka kwake, ni habari nyingine. Marehemu baba mdogo alikuwa na studio hapa Tanga, na maboksi yake sasa yako kwangu. Kuna picha ya pasipoti ya bwana mmoja, koti na tai, utadhani karani wa benki. Kwenye negativu koti linaishia kiunoni. Chini ni kikoi na makubadhi, na pembeni umeingia mkono wa msaidizi aliyeshika pazia. Kwa hiyo sharti langu ni hili: piga fremu nzima pamoja na kingo zake. Kukata utakata baadaye.

Kabla ya kushika kamera, nusa. Negativu za asetati, aina ya plastiki, zinapoanza kuoza hutoa harufu kali ya siki, na mvuke wake huharibu zilizo jirani. Zitenge, na uanze na hizo hizo, kwa sababu zitazidi kusinyaa na kujikunja. Kama una negativu za kabla ya miaka ya 1950, tazama ukingoni kama pameandikwa SAFETY. Zisizo na neno hilo huenda ni za nitrati, plastiki ya zamani zaidi, ambazo hushika moto upesi mno; usizisogeze karibu na jiko wala taa ya moto, na ukiona zinanata na kugeuka kahawia, tafuta ushauri wa watu wa nyaraka.

Huku pwani adui mkubwa ni ukungu. Usioshe negativu yenye ukungu kwa maji: tabaka lenye picha ni jelatini, na likishaliwa na ukungu huyeyuka kwenye maji, sura ya mtu ikaondoka nayo. Vumbi lipulize kwa mpira. Ule wa kunyonyea kamasi za watoto, unaouzwa famasi, unafaa. Uminye mara kadhaa kwanza hewani ili unga wa ndani utoke. Alama za vidole kwenye upande unaong'aa zifute taratibu kwa pamba yenye tone la alkoholi ya aisopropili ya asilimia 99. Zilizogandana na bahasha usizivute. Weka kando.

Skana ya bapa yenye taa kwenye kifuniko inafanya kazi, lakini ni ghali na ni ya polepole. Mimi natumia kamera. Unahitaji taa nyeupe chini, negativu juu yake, na kamera inayotazama chini kutoka kwenye stendi. Kwa taa, tableti yenye skrini nyeupe tupu inatosha, ila ukiilaza negativu moja kwa moja juu ya kioo, vidoti vya skrini vitatokea pichani. Nenda kwa mafundi wa mabango yanayowaka ukaombe kipande cha akriliki nyeupe, ile isiyopitisha sura bali mwanga tu. Kiinue sentimita tatu au nne juu ya skrini, na negativu ikae juu yake, imebanwa na fremu ya kadibodi nyeusi iliyokatwa tundu kubwa kidogo kuliko picha. Mwanga unaovuja pembeni uzibe kwa kadibodi hiyo hiyo.

Kamera lazima iwe sambamba na negativu, la sivyo kona moja itakuwa kali na nyingine imefifia. Weka kioo kidogo mahali pa negativu, utazame kupitia kamera: lenzi ikijiona katikati kabisa, umepatia. Lenzi ya makro, ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, ndiyo bora. Weka ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100, tundu la lenzi f/8, saa ya kuchelewesha sekunde 2 ili kidole kisitikise, na faili la RAW, yaani ambalo kamera haijalichakata. Fanya kazi usiku, taa za chumba zimezimwa, na feni pia, maana ndiyo inayorusha vumbi. Upande unaong'aa uangalie juu; maandishi ya ukingoni yakisomeka sawasawa, hujageuza watu kushoto kulia.

Na piga bahasha kwanza, kabla ya kilichomo. Za baba mdogo zimeandikwa jina, tarehe, "pasipoti 4, postkadi 2", na nani bado anadaiwa. Bila bahasha utabaki na nyuso zisizo na wenyewe.

Kugeuza kuwa picha ya kawaida, programu ya darktable ni ya bure na ina sehemu iitwayo negadoctor, iliyotengenezwa kwa kazi hii. Negativu za rangi zina utando wa rangi ya chungwa. Chagua kipande cha ukingo kisicho na picha, programu iuondoe utando huo. Faida nyingine ya kuacha kingo. Za nyeusi na nyeupe ni rahisi zaidi: ondoa rangi, geuza, rekebisha mwanga.

Slaidi, zile filamu za kutazamwa kwa mwanga zenye rangi halisi, hazigeuzwi, maana picha yake tayari iko sawa. Ila weusi wake ni mzito, kwa hiyo piga mara tatu kwa mwanga tofauti uchague.

Faili zipe majina yanayofuata boksi na bahasha, kama boksi03_bahasha12_07, na ziwe na nakala kwenye diski mbili, moja ikae kwa ndugu nyumba nyingine. Ukimtumia mtu kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti, usitume kama picha, isibanwe. Negativu zenyewe usitupe.

Jambo moja usilifanyie pupa. Katika maboksi ya namna hii utakuta akina mama waliopigwa bila buibui, kichwa wazi, picha ya kumpelekea mume aliyekuwa Uarabuni. Hawakupigwa ili waonwe na mtaa. Hizo nazitia folda yake, haziendi kwenye kundi lolote la WhatsApp, na jina la kwenye bahasha ndilo linaloniambia nibishe hodi nyumba gani.