Picha bila pozi: kupiga mtaani Dar na kujenga mradi wako

Toa kamera Kariakoo, na mambo mawili yatatokea papo hapo. Mmoja atanyoosha shingo na kuweka pozi, mwingine atauliza kwa ukali, "Unanipiga picha ya nini, ukauze?" Wote wawili wamekushtukia kwa sababu umefika sasa hivi. Kaa kona hiyohiyo nusu saa, kamera ikiwa wazi kifuani, nunua maji, salimia waliokuzunguka, wakubwa uwaamkie shikamoo. Watakuzoea na kurudi kwenye shughuli zao, na hapo ndipo kazi inapoanza.

Lenzi ndefu ya kupiga kutoka ng'ambo ya barabara inaharibu zaidi kuliko inavyosaidia. Watu huiona, hujihisi wanawindwa, na picha yenyewe hukosa mahali: inabaki sura na ukungu nyuma yake. Chukua lenzi moja fupi inayoona eneo pana, milimita 28 au 35, nyingine ziache nyumbani. Kwenye kamera ya sensa kubwa (full frame; sensa ni kile kibati cha ndani kinachonasa mwanga) yenye lenzi ya milimita 28, weka upenyo (tundu la lenzi linalopitisha mwanga) f/8, zima fokasi ya kujiendesha (kamera kujitafutia ukali wa picha), kisha ifunge fokasi kwenye mita 2.5. Kila kitu kuanzia mita 1.4 hivi hadi mita 10 kitatoka safi, nawe huna haja ya kusubiri kamera itafute. Kwa milimita 35 nafasi hiyo hupungua sana, kama mita 1.7 hadi 5, kwa hiyo jizoeze kukadiria umbali kwa hatua. Spidi ya shata, yaani muda kamera inaofunguka kupokea mwanga, isishuke chini ya 1/250 ya sekunde kwa watu waliosimama wakizungumza, na 1/500 kwa wanaotembea. ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) iache ijipangie, ukomo 6400.

Wa simu, bonyeza kwa muda mrefu sehemu unayotaka hadi fokasi na mwanga vijifunge, zima mlio, halafu subiri mtu aingie.

Mwanga wa Dar haumsubiri mtu. Jua huchomoza kati ya saa 11:55 na saa 12:35 hivi mwaka mzima, na kufikia saa 3 asubuhi tayari liko juu, macho ya watu yamegeuka mashimo meusi. Kwa hiyo Feri, kwenye soko la samaki, uwe umefika kabla hakujapambazuka. Jua linatoka upande wa bahari: ukiipa bahari mgongo, nyuso za wachuuzi zinapata mwanga; ukigeuka, unapata maumbo meusi na mng'ao wa maji. Mtafute anayepara samaki ukingoni mwa kivuli, jua likimjia kwa nyuma. Magamba yanaruka kila kisu kinapopita, mengine yanamganda mkononi hadi kwenye kiwiko. Kwa 1/1000 kila gamba linasimama hewani kama shilingi, lakini lazima nyuma yake pawe na giza, vinginevyo hayaonekani kabisa. Mvuke wa kahawa inayomiminwa kutoka kwenye dele una tabia hiyohiyo.

Kosa linalotuumiza zaidi ni nyuso kutoka nyeusi tii. Kamera ikiona mbingu nyeupe au kanzu, hudhani mwanga umezidi na kuupunguza. Ngozi nyeusi ndiyo inayolipa. Ongeza mwanga kwa +0.7 hadi +1 kwenye alama ya +/- ya kamera unapokuwa na weupe mwingi kwenye fremu, ukiangalia uso, si anga. Tatizo la pili ni maturubai. Chini ya turubai la bluu uso unakuwa wa bluu upande mmoja na wa kawaida upande uliopata jua, na rekebisho moja la rangi haliwezi kutengeneza pande zote mbili kwa pamoja. Msubiri asogee ukingoni mwa kivuli, au ipige picha hiyo iwe nyeusi na nyeupe.

Joto nalo lina lake. Ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi, lenzi inaingia ukungu mara moja. Iache ndani ya begi lililofungwa dakika 20 hadi 30 kabla ya kuitoa. Ukirudi kutoka baharini, ifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu. Chumvi ikibaki inakula vyuma.

Ikulu iko jirani na Feri, kwa hiyo kamera irudi ndani ya begi ukipita njia hiyo. Usipige picha askari, kambi wala vizuizi. Mkanda uvuke kifua, na usimame mbali na ukingo wa barabara, maana wanaokwapua kwa bodaboda wanapita hapohapo. Mtoto usimpige picha bila ruhusa ya mzazi. Mtu mzima akikuona umempiga, nenda kwake: "Samahani mama, nimekupiga picha, naomba nikuonyeshe." Akikataa, ifute mbele yake.

Sasa mradi. "Kariakoo" ni kubwa mno. "Vijana wa mikokoteni Mtaa wa Kongo" inatosha, na "mikono yao" inatosha vizuri zaidi. Nenda mara moja kwa wiki, wiki 12, kwa saa tofauti. Kila safari rudi na picha za namna tatu: mahali, mtu, na kitu kwa karibu. Wengi wetu tunarudi na picha 60 za watu wa ukubwa uleule, na hapo hakuna hadithi ya kupanga.

Siku hiyohiyo hamishia picha kwenye folda yenye tarehe, nakala sehemu mbili, chagua zisizozidi 10. Usichague ukiwa bado umechoka na jua. Kesho yake jicho huwa kali. Wiki ya nne kasafishe, yaani zitolewe kwenye karatasi, hizo chache kwa sentimita 10 kwa 15, zitandaze mkekani, ondoa zinazosema jambo lilelile. Utaona kinachokosekana, na ndicho cha kufuata wiki zinazobaki. Mwisho wa yote, picha 15 hadi 20 zinatosha.

Safisha nakala mbili za kila picha yenye mtu. Moja mpelekee mwenyewe mkononi kabla hujaiweka mtandaoni, na akisema hii hapana, itoe kwenye mradi.