Sauti itege, isitegue: kuunganisha alamu ya nyumba na Alexa

Mama yangu ana glakoma. Jicho la kulia halioni tena, la kushoto linaona mwanga na vivuli. Alipohamia kwangu Buruburu, Nairobi, kutoka Likoni, Mombasa, alamu ilikuwa tayari iko ukutani kando ya mlango, ile ya vitufe vidogo vya kijivu. Kila nilipokuwa zamu ya usiku alivipapasa kwa vidole huku akihesabu, na akikosea mara mbili ananipigia simu wodini. Ndipo nikaanza kutafuta namna ya kuitega kwa sauti kupitia Alexa, msaidizi wa Amazon anayesikiliza amri kwa spika. Nilijaribu kwa karibu mwezi mzima, na haya ndiyo yaliyobaki yakifanya kazi.

Jambo moja ulishike tangu sasa, maana mimi nililijua nimechelewa: sauti itege alamu, yaani iiweke macho ilinde, isiitegue, yaani isiiondoe kwenye ulinzi. Sababu nitaieleza mbele.

Kama bado hujanunua alamu, usiridhike na nembo ya Alexa iliyochapishwa kwenye katoni. Pale Luthuli Avenue niliingia maduka manne kabla ya kumpata muuzaji aliyekubali kuichomeka kwenye soketi na kuifungua kwenye simu mbele yangu. Mwombe hivyo hivyo. Angalia kama ina betri yake ya ndani na kama ina mahali pa kutia laini ya simu, ili Wi-Fi ikikatika bado iweze kukutumia ujumbe. Alamu nyingi za bei ya kawaida mjini huendeshwa na programu ya Smart Life au Tuya, na ndiyo njia ninayoieleza hapa. Spika yangu ya Alexa ni Echo Dot ndogo.

Ukifika nyumbani, anza na Wi-Fi. Karibu alamu zote za namna hii hutumia masafa ya gigahezi 2.4 tu. Ruta yako ikitoa majina mawili, simu iwe kwenye lile la 2.4 wakati wa kuunganisha, la sivyo utazunguka jioni nzima. Fungua Smart Life, gusa alama ya kujumlisha, bonyeza na ushikilie kitufe cha alamu mpaka taa imwekemweke, kisha andika nywila ya Wi-Fi. Baada ya hapo ongeza sumaku za milango na vihisi vya mwendo kimoja kimoja, na kila kimoja ukipe jina lake papo hapo. Ujumbe ukiingia saa nane usiku unataka usome "mlango wa jikoni", si "kihisi 03".

Sasa tulia kidogo kwenye namna za kutega, kwa sababu hapa ndipo watu wengi huharibikiwa. Alamu ina namna mbili. Ya kwanza ni ya nyumba tupu: milango inalindwa na vihisi vya mwendo viko macho. Ya pili ni ya watu waliomo ndani: milango inalindwa lakini vihisi vya mwendo vimelala. Usiku wa kwanza nilitega ile ya nyumba tupu. Saa tisa Mama akaamka kwenda msalani, king'ora kikalia, naye akaketi sakafuni kwenye korido akiwa ameziba masikio mpaka jirani alipogonga. Nilipompata kwenye simu sauti yake ilikuwa inatetemeka. Nyumba yenye mzee, mtoto au mgonjwa anayetembea usiku, amri ya sauti iwe ya namna ya pili peke yake.

Kisanduku cha alamu za Smart Life mara nyingi hakitokei kwa Alexa kama alamu kamili. Njia ya kuzunguka ni kutengeneza amri ndani ya Smart Life kwenyewe. Nenda sehemu ya "Scene", gusa alama ya kujumlisha, chagua "Tap-to-Run", chagua alamu yako, halafu namna ya kutega ya watu waliomo ndani. Ihifadhi kwa jina fupi. Iguse mara moja kwenye simu uone kama alamu imeitika. Isipoitika hapo, Alexa naye hataiweza, kwa hiyo usiendelee mpaka hili litulie.

Kisha fungua programu ya Alexa, nenda "Skills & Games", tafuta Smart Life, iwezeshe na uingie kwa akaunti ile ile. Akimaliza kutafuta vifaa, amri yako itaonekana kati ya "Scenes". Kinachobaki ni kutengeneza "Routine": andika maneno yatakayosemwa, na tendo liwe ile amri.

Maneno yenyewe yalitusumbua kuliko nyaya. Alexa haelewi Kiswahili. Mimi nilitaka Mama aseme "lala salama", na kwa siku tatu Alexa alimjibu mambo ya ajabu, mara muziki, mara hali ya hewa. Mwishowe Mama mwenyewe akasema, "Mwanangu, nipe maneno niliyokuwa nikiwaambia wageni." Alifanya kazi hotelini Diani miaka mingi, na kila jioni alikuwa akiwaaga wageni kwa "good night". Tukaweka hayo. Alexa akamsikia mara ya kwanza na ya pili na ya tatu. Kwa hiyo usichague maneno unayoyapenda wewe. Chagua yale ambayo mtumiaji huyatamka bila kufikiri, kisha mwache ayaseme yeye mara kumi, akiwa ameketi mahali pake pa kawaida, televisheni ikiwa imewashwa.

Jambo jingine: Alexa akijibu "okay", maana yake ametuma amri. Hajakuhakikishia kwamba alamu imetegwa. Mlango wa jikoni ukiwa wazi, alamu nyingine hukataa kutegwa huku Alexa amekwisha kuitika vizuri. Mfundishe mtu wa nyumbani kungoja mlio wa alamu yenyewe. Yetu hulia mara moja, mlio mrefu. Mama haingii chini ya shuka mpaka ausikie.

Sasa lile la kutegua. Mwanzoni nilitengeneza amri mbili, ya kutega na ya kutegua, na nilijiona nimemrahisishia Mama maisha. Jumamosi moja mtoto wa jirani, wa gredi ya tatu, alisimama kwenye dirisha la sebuleni lililokuwa wazi akarudia maneno aliyokuwa akinisikia nikiyasema kila asubuhi. Alamu ikateguka. Hakuwa na nia mbaya, mtoto yule. Lakini nilisimama jikoni na sufuria mkononi nikielewa kwamba nimeuweka ufunguo wa nyumba yangu hewani. Amri ya "Tap-to-Run" haiulizi namba ya siri; anayeyajua maneno amefungua. Mifumo ambayo Alexa huitambua kama alamu kamili, kwa mfano Ring, hudai namba ya siri ya tarakimu nne kabla ya kutegua kwa sauti. Hiyo ni afadhali, ila namba iliyotamkwa kwa sauti husikika hata na aliye nje ya dirisha. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzao wa Tokyo walionyesha kwamba hata mwanga wa leza ukilengwa kwenye maikrofoni ya spika hizi hupokewa kama sauti, walifika umbali wa mita 110, na kioo cha dirisha hakikuuzuia. Ifute amri ya kutegua. Spika nayo iondoe dirishani. Yangu sasa iko juu ya kabati ya vyombo, imegeukia ndani.

Mama hutegua kwa remoti ndogo yenye vitufe vinne. Kile cha kutegua nimekibandika kipande cha plasta ya hospitali ili akitambue kwa kidole. Remoti anaifunga kwenye pindo la leso, pale pale anapofunga pesa.

Stima ikipotea, Echo Dot huzima, kwa kuwa haina betri. Ruta huzima pia isipokuwa umeiwekea UPS ndogo ya volti 12, yaani betri ya akiba, na ukiinunua, linganisha volti na ampea na zile zilizoandikwa kwenye adapta ya ruta. Alamu itaendelea kwa betri yake, lakini sauti haipo tena usiku huo. Kwa hiyo remoti iwe pia na kitufe cha kutega, na mzee akijaribu mapema, mkiwa mmezima umeme makusudi. Sisi tulifanya mazoezi hayo jioni mbili. Wala msitegemee spika iwapigie 999, namba ya dharura. Namba hiyo ipigwe kwa simu, na simu ya Mama inaipiga kwa kubonyeza 9 muda mrefu.

Weka uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti ya Alexa, na kwenye ya Smart Life pia kama programu yako inauruhusu. Dada anayekusaidia nyumbani mwambie wazi kwamba kuna kifaa kinachosikiliza, mwonyeshe kitufe cha kuzima maikrofoni, na rekodi za sauti zifute mara kwa mara kwenye "Alexa Privacy". Katiba yetu ya 2010 inampa yeye faragha sawasawa na wewe.

Kabla ya kujaribu king'ora, waambie majirani na askari wa getini. Mimi hujaribu kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa nne asubuhi, na siku hiyo hiyo naangalia betri za vihisi.

Mwisho, washa taarifa za Smart Life ili alamu ikitegwa simu yako ijue. Yangu huingia kati ya saa tatu na saa tatu na nusu usiku, wakati nagawa dawa. Ikipita saa tatu na nusu haijaingia, natoka kwenye korido ya wodi nampigia Mama, naye huanza kwa kuniambia kama stima ipo.