Kupiga picha kwa kamera ya kukunja hapa Dar: kuanzia kufunga mkanda mpaka kuusafisha

Watu wakiniletea mkanda wa picha ulioharibika, huanza kuulaumu uzee wa kamera. Mara nyingi kamera haina kosa. Mpigaji kafanya jambo la tatu kabla ya la pili, basi. Kamera hizi hazina kompyuta ya kukukumbusha, kwa hiyo mpangilio wa hatua lazima ukae mkononi mwako.

Ninayotumia mimi ni Nettar ya Zeiss Ikon ya miaka ya 1950, inayotoa picha za mraba za sentimita 6 kwa 6. Ukiifunga inaingia mfuko wa koti, ingawa kwa joto la Dar sijui nani anavaa koti. Mimi huitia kwenye mfuko wa begani, nimeiviringisha kipande cha kanga. Hapa sitafundisha kufungua shata, yaani kile kilango kinachopitisha mwanga, na kupaka mafuta. Nachukulia kwamba kamera yako imeshafufuliwa, au umeuziwa kwa maelezo kwamba imefufuliwa. Hayo mawili si kitu kimoja, ndiyo maana tunaanza na ukaguzi.

Hatua ya 1: Ikague usiku

Funga madirisha, zima taa, kaa dakika tano macho yazoee giza. Fungua mgongo wa kamera, uingize taa ndogo ndani. Simu haiingii, mimi hutumia ile taa iliyo kwenye kitako cha kiberiti cha gesi. Sasa utazame kwa nje mvukuto, kile kiriba cheusi chenye mikunjo kama ya kodiani. Ukiona nyota, hayo ni matundu. Tazama zaidi kwenye pembe za mikunjo, maana ndiko kunakosuguana kila unapofungua na kufunga.

Kama ni Agfa, kagua mara mbili. Mivukuto ya Agfa nyingi za baada ya Vita vya Pili vya Dunia ni dhaifu, na grisi yao kwenye pete ya kuwekea umbali huganda ikawa kama gundi ya kijani. Ni kamera nzuri, lakini nimeshatoboka mfuko kwa ajili yake. Tundu moja au mawili unaweza kuyaziba kwa rangi nyeusi ya maji iliyochanganywa na gundi nyeupe ya mbao, tabaka jembamba jembamba. Yakifika kumi, tafuta mvukuto mpya.

Kisha weka spidi kwenye B, ambayo huacha shata wazi muda wote unaobonyeza, koki (yaani kaza springi ya shata kwa kiwiko chake), bonyeza na kushikilia huku unamulika lenzi kwa nyuma. Utando kama wa buibui ni kuvu, na unyevu wa pwani unaipenda sana lenzi. Kuvu kidogo pembeni hakizuii picha. Mwisho, usiguse kile kiwiko cha kujichelewesha kilichoandikwa V. Mitambo yake hukwama baada ya miaka 70, na ikikwama shata nzima inasimama.

Hatua ya 2: Mkanda

Unaohitajika ni wa ukubwa uitwao 120, ambao Kodak waliutoa mwaka 1901 na mpaka leo unatengenezwa. Ukikuta kamera imeandikwa 620, jua kwamba mkanda wake una upana uleule ila spuli, yaani kijiti unachoviringishiwa, ni nyembamba zaidi. Kodak waliuanzisha mwanzoni mwa miaka ya 1930 na kuuacha 1995, kwa hiyo itabidi uuhamishe wa 120 kwenye spuli ya 620 gizani. Inawezekana, lakini usianze nayo.

Chagua mkanda wa ISO 100 au 125, yaani usiohisi mwanga kwa haraka sana. Najua wengi hupenda 400, lakini jua letu la saa sita litakushinda: shata ya zamani inayosema 1/200 ya sekunde mara nyingi ni mvivu kuliko inavyojitangaza, na tundu la lenzi linaishia f/22 (namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo). Mimi hutumia Ilford FP4 Plus.

Fungia mkanda kivulini, chini ya mwembe au ndani ya duka, kamwe si juani. Hamisha spuli tupu upande wa kuvutia, chomeka ulimi wa karatasi katikati ya mfereji wake, zungusha mara mbili uone kwamba karatasi inakwenda sawa, kisha funga mgongo. Halafu vuta polepole huku unatazama kidirisha chekundu cha nyuma mpaka namba 1 itokee.

Hicho kidirisha kina historia. Mikanda ya zamani haikuona rangi nyekundu, kwa hiyo mwanga wake haukuwa na madhara. Mikanda mingi ya sasa inaona rangi zote. Kama kamera yako haina kifuniko cha kidirisha, bandika tepu nyeusi ya umeme, uifunue wakati wa kuvuta tu, tena ukiwa umeikinga kamera kwa mwili wako. Mimi niliipuuza siku moja pale Coco Beach, nikasafisha mkanda wenye duara la ukungu kwenye kila picha, mahali palepale, kama muhuri.

Hatua ya 3: Fungua, vuta, koki, piga

Hii ndiyo hatua yenyewe. Fungua kamera taratibu, ukiuzuia mlango kwa kidole. Ukiuachia uruke, mvukuto unatanuka ghafla, unanyonya hewa, na mkanda unavutwa mbele usikae bapa. Picha itatoka isiyo kali upande mmoja na utadhani lenzi ni mbovu. Kwa sababu hiyohiyo, vuta mkanda baada ya kufungua, si kabla. Ukishavuta, weka umbali, tundu na spidi, ndipo ukoki. Spidi usiibadilishe ukishakoki. Baadhi ya shata, hasa Compur za kabla ya vita hivyo zenye spidi ya 1/500, huumizwa na tabia hiyo.

Wapo wanaovuta mara tu wakishapiga ili wasisahau. Nawaelewa. Kamera yangu ya kwanza haikuwa na kufuli ya kuzuia kupiga mara mbili, nikampiga mjomba mbele ya duka lake Kariakoo, nikaondoka bila kuvuta, nikapiga na bajaji. Mjomba akatoka na bajaji kichwani, nayo ina abiria. Hata hivyo bado nasema vuta mwanzoni. Jizoeze hivi tu: mkono hauendi kwenye koki kabla haujapita kwenye kitufe cha kuvutia.

Hatua ya 4: Mwanga na umbali

Kanuni ya kale inasema juani weka f/16, na spidi iwe sawa na ISO. Kwa mkanda wa 125 hiyo ni 1/100 au 1/125, kutegemea kamera yako. Hapa Dar naifuata kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, nikiwa napiga majengo, mitumbwi au barabara. Mawingu mepesi, f/8 au f/11. Kivuli cha wazi, f/5.6. Wakati wa masika mawingu yakiwa mazito, f/4.5 na 1/50, na uegemee ukuta.

Watu ni suala jingine. Saa sita jua linakuwa karibu utosini, macho yanazama kwenye kivuli cha paji la uso, na mwenye kofia anabaki kidevu tu. Usipige. Msogeze mtu barazani, ageukie upande wa mwanga. Tena usielekeze mita ya simu, ile programu ya kupima mwanga, kwenye uso mweusi ukaifuata kama ilivyo: mita inataka kila kitu kiwe kijivu, kwa hiyo itakuambia uongeze mwanga mpaka shati jeupe liungue, yaani libaki weupe mtupu. Pima kiganja chako kikiwa kwenye mwanga uleule, kisha fungua tundu kwa hatua moja, mfano kutoka f/8 kwenda f/5.6.

Juzi saa moja na nusu asubuhi nilikuwa soko la samaki la Feri, Magogoni. Mama mmoja anakaanga samaki chini ya turubai la buluu, moshi unapanda, nyuma yake maji yanametameta.

"Shikamoo mama. Naomba nikupige picha."

"Marahaba. Hiyo ni kamera au redio?"

Nilimwonyesha mvukuto, akacheka, nikapata muda. Nilihesabu hatua zangu nne, karibu mita 3. Pete ya kamera yangu imeandikwa kwa futi, nikaweka 10. Chini ya turubai nikaweka f/5.6 na 1/50, nikapuuza maji kabisa, yaungue yatakavyo. Nikabana viwiko mbavuni, nikatoa pumzi, nikabonyeza kama unayefinya embe kuona kama limeiva. Picha moja tu. Pale pale Magogoni kumbuka Ikulu haiko mbali. Usielekeze kamera huko, na kwa watu omba ruhusa kwanza.

Kwa mtaani ambako huna muda wa kuhesabu hatua, weka f/11 na umbali wa takriban mita 10. Kila kitu kuanzia mita 5 hivi hadi mwisho wa macho kitaonekana vizuri. Kamera nyingi za Zeiss Ikon zina nukta nyekundu kwenye pete kwa kazi hiyo.

Hatua ya 5: Kusafisha

Ukishapiga picha ya namba 12, ambayo ndiyo ya mwisho, vuta mpaka usikie karatasi imeachia, fungulia kivulini, bana mkanda usilegee, bandika gundi yake. Usiuache kwenye dashibodi ya gari.

Niliwahi kupeleka studio moja, wakaukata katikati ya picha kwa sababu wamezoea mikanda midogo. Tangu hapo nasafisha mwenyewe. Kuupandisha kwenye reli ya tanki, yaani kigurudumu cha ndani ya chombo cha kusafishia, nafanya chooni usiku, gizani. Umeme ukikatika mtaa mzima, wenzangu wananuna na mimi nashangilia, maana hata mwanga wa chini ya mlango haupo. Kausha mikono vizuri kwanza. Jasho linaugandisha mkanda kwenye reli.

Tatizo letu ni joto la maji. FP4 Plus kwenye ID-11, dawa ya kusafishia, iliyochanganywa sehemu moja kwa sehemu moja ya maji inataka dakika 11 kwa nyuzi 20, na maji ya bomba kwangu Tabata hufika 28. Kwa nyuzi hizo muda unakuwa mfupi mno, na madoa hayakosekani. Nanunua barafu za mfuko dukani, naziweka kwenye beseni pamoja na chupa za dawa, na sianzi mpaka kipimajoto kisome 20. Barafu ibaki kwenye beseni, isiingie kwenye dawa. Maji ya kuoshea mwishoni yapandishe joto kidogo kidogo, usiutoe mkanda kwenye ubaridi ukautia kwenye maji ya moto ya tangi la nyumba.

Ning'iniza bafuni, feni zimezimwa. Ukikauka, weka juu ya skrini nyeupe ya tableti, inua kidogo kwa kipande cha kioo ili vidoti vya skrini visionekane, uupige picha kwa simu.

Kamera nayo usiirudishe kwenye mkoba wake wa ngozi hata kama ni mzuri. Ngozi hushika unyevu na kuvu huanzia humo. Iweke kwenye kopo la plastiki linalobana, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyotoka kwenye maboksi ya viatu. Kila baada ya wiki mbili itoe, ifungue taratibu, ifyatue kila spidi mara tano bila mkanda.